Sauti ya Kuazima: Kinaya cha Kila Siku Miongoni mwa Wasemaji wa Kiswahili wa Dzaleka na Chilinde, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kinaya kinavyofanya kazi katika mazungumzo ya kawaida ya wasemaji wa Kiswahili waishio katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, na katika mitaa ya jiji la Lilongwe kama vile Chilinde. Hoja inayotetewa ni kwamba kinaya cha watu hawa si kusema kinyume tu. Ni kuazima sauti ya mwenye mamlaka, au ya mwenye matumaini, na kuirudisha hadharani ikiwa imepinda. Kwa sababu hiyo, asiyeijua sauti iliyoazimwa hawezi kukitambua kinaya chenyewe, na kauli inapotoka barazani kwenda ofisini hugeuka kuwa taarifa ya kawaida. Makala yanafuatilia madhara ya mgeuko huo katika usaili wa waomba hifadhi na katika hojaji za mashirika, kisha yanapendekeza hatua zinazoweza kuchukuliwa na wanaosimamia ukalimani.

Utangulizi

Dzaleka ni jina la Kichewa. Kiambishi -dza- huonyesha wakati ujao na shina -leka lina maana ya kuacha. Kwa ufafanuzi uliozoeleka, jina hilo ni kauli ya mtu anayeapa: nitaacha, sitarudia tena. Kabla ya kuwa kambi, mahali hapo palikuwa gereza, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwamo watu walioonekana kuwa wapinzani wa utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao utawala huo uliondoka kwa kura, eneo hilo lilifunguliwa kuwapokea wakimbizi. Tangu hapo wamekuja watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao ndio wengi zaidi, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 ilikuwa na zaidi ya 50,000 kufikia 2023.

Basi mtu aliyekimbia kwao bila kosa lolote anaishi katika anwani inayotamka toba ya mfungwa. Hakuna aliyekipanga kinaya hicho. Kimetokea tu, kama vinavyotokea vinaya vingi vya historia, na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana jina lake: kinaya cha hali. Kinachostahili kuchunguzwa ni wanachokifanya wakazi wenyewe kwa hali kama hiyo, yaani namna wanavyoigeuza hali wasiyoichagua kuwa kauli waliyoichagua. Hapo tunatoka katika kinaya cha hali na kuingia katika kinaya cha maneno, nacho ndicho kiini cha makala haya.

Neno la tahadhari kuhusu mifano. Mazungumzo mafupi yanayotolewa hapa chini yametungwa na mwandishi ili kuonyesha mbinu za lugha. Si nukuu za watu maalumu. Wakimbizi wana sababu nzuri ya kutotaka maneno yao ya mzaha yachapishwe, na msomaji atakayefika mwisho wa makala ataiona sababu hiyo vizuri zaidi.

Istilahi na nadharia

Kinaya tulikipokea kutoka elimu ya balagha ya Kiarabu, ambako neno hilo huhusu kusema jambo kwa kulizungukia. Katika uhakiki wa Kiswahili limekaa mahali pa usemi unaotofautiana na kusudio lake. Mitaani, hata hivyo, si rahisi kumsikia mtu akisema kwamba mwenzake ametumia kinaya. Atasema: ananisema, ananicheka, amenipiga kijembe, ameniwekea fumbo, au ananitania. Maneno haya si visawe. Kijembe kina makali na kina mlengwa, utani una ruhusa ya kijamii nyuma yake, na fumbo linaweza kukaa siku nyingi kabla halijafumbuliwa. Mtafiti anayeuliza kuhusu “kinaya” atapata kimya, lakini akiuliza kuhusu kusemwa atapata masimulizi ya siku nzima.

Nadharia tatu za pragmatiki zinafaa kutajwa kwa ufupi. H. P. Grice, katika makala yake ya 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alikiona kinaya kuwa ni uvunjaji wa wazi wa kanuni ya kusema kweli: msemaji anatamka uongo ulio dhahiri ili msikilizaji atafute maana nyingine. Dan Sperber na Deirdre Wilson, mwaka 1981, walipendekeza jambo tofauti. Kwao mwenye kinaya haisemi kauli ile kama yake. Anairudia kama mwangwi wa kauli au wazo la mtu mwingine, huku akionyesha msimamo wake juu yake. Herbert Clark na Richard Gerrig, mwaka 1984, walijibu kwamba ni uigizaji: msemaji anajifanya mtu asiyejua anachokisema, akitarajia hadhira ione kwamba anajifanya.

Kwa maoni yangu, ubishi baina ya kambi hizi mbili za mwisho ni mdogo kuliko unavyoonekana vitabuni, na kwa data ya Kiswahili mwangwi ndio unaofaa zaidi. Chukua kaulimbiu za siasa za Tanzania. “Maisha bora kwa kila Mtanzania” ya 2005 na “Hapa kazi tu” ya 2015 zilitungwa kwa dhati, lakini ya kwanza ikitamkwa umeme unapokatika, au ya pili ikitamkwa mbele ya vijana waliokaa kijiweni tangu asubuhi, huwa kinaya bila kubadilishwa hata silabi moja. Nchini Kenya “serikali saidia”, kilio cha wananchi mbele ya kamera za televisheni, kimekuwa mzaha wa mtu aliyekosa hata jambo dogo ambalo serikali haihusiki nalo. Nadharia ya Grice inaona hapa uongo wa dhahiri, lakini “serikali saidia” si uongo wala si kweli. Ni ombi. Kinachosikika ni sauti ya mtu mwingine ndani ya kinywa cha msemaji.

Sauti zinazoazimwa

Wakongomani wa Dzaleka walikuja na kinaya kilichokwisha komaa. Kila Mkongomani anaijua Ibara ya 15. Inasimuliwa kwamba chimbuko lake ni Kasai Kusini, dola iliyojitenga mwaka 1960 chini ya Albert Kalonji, ambako watu walioishiwa msaada waliambiwa kuwa katiba ina ibara moja ya kuwatosha: jitafutieni wenyewe. Ibara hiyo ilidumu katika mazungumzo baada ya dola kufa, ikavuka utawala wa Mobutu na kuzifikia familia ambazo hazijawahi kuona Kasai. Nguvu yake iko katika sauti. Mtu hasemi “tunahangaika”, bali anaisoma hali yake kama kifungu cha sheria, kwa namba, kwa utulivu wa wakili. Serikali isiyotoa chochote inapewa heshima ya kuwa imetunga sheria.

Malawi kuna sheria halisi zinazopaswa kuwekwa kando ya ibara hiyo ya kubuni. Nchi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, ikiweka pingamizi kwa baadhi ya ibara zake, zikiwamo zile za ajira na za uhuru wa kutembea. Matokeo yake ni sera ya kuwaweka wakimbizi kambini na kuwabana wasifanye kazi rasmi nje. Mgao wa chakula, uliokuja baadaye kwa fedha, umepunguzwa mara kwa mara kutokana na upungufu wa michango. Mtu akizuiwa kufanya kazi, na mgao ukipungua, Ibara ya 15 inaacha kuwa kumbukumbu ya Kongo na kuwa maelezo sahihi ya siku yake.

Sauti ya kwanza inayoazimwa, basi, ni ya sheria na ofisi. Foleni kwenye kisima cha pampu, ambacho majirani Wamalawi hukiita mjigo, ni mahali pa kuisikia. Mwanamke anaruka zamu na mwenzake anasema: “Mpisheni mama, yeye yuko kwenye orodha.” Neno orodha limetoka ofisini, kwani kambini karibu kila kitu kizuri huanza na jina lako kuwapo kwenye orodha fulani. Aliyeruka zamu hakutukanwa. Amepandishwa cheo hadi kuwa mtu wa orodha, na kwa kupandishwa huko ameaibishwa. Wakati huohuo orodha yenyewe imeguswa. Wasikilizaji wanacheka kwa sababu mbili, na mlengwa hana pa kushika, kwani akilalamika ataambiwa kwamba amepishwa kwa heshima.

Sauti ya pili ni ya matumaini. Kupelekwa nchi ya tatu ni ndoto ambayo wachache huifikia baada ya miaka mingi ya kungoja. Mgeni anapokaribishwa katika nyumba ya matofali mabichi inayovuja, mwenyeji anaweza kumwambia: “Karibu Ulaya, papa, vua viatu usichafue zulia.” Zulia halipo. Mwangwi hapa hautoki kwa afisa yeyote. Ni wa mwenyeji mwenyewe, yule wa miaka kumi iliyopita aliyeamini kuwa kambi ni kituo cha kupita. Kinaya cha namna hii kina upole ambao kile cha foleni hakina. Kinamcheka msemaji kwanza, na kumpa mgeni nafasi ya kucheka bila kumdharau mwenyeji wake.

Inafaa kutaja pia kwamba wakazi hawakuishia kwenye kinaya. Tamasha lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes la Plume, lilipewa jina Tumaini. Redio ya jamii ya kambini inaitwa Yetu. Majina hayo ni ya Kiswahili, na yametamkwa kwa dhati ndani ya mahali palipobatizwa kwa Kichewa cha toba. Anayetaka kukielewa kinaya cha Dzaleka asiyasahau, kwa kuwa kinaya hakina maana mahali ambapo hakuna kinachosemwa kwa dhati. Hakuna wa kuigwa.

Chilinde: kinaya kinapokosa jirani

Safari ya zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka Dzaleka hadi Lilongwe inabadilisha hadhira. Chilinde ni mtaa wa watu wengi, wenye vyumba vya kupanga na biashara ndogondogo, na Kiswahili kinachosikika humo ni cha wachache kati ya wasemaji wa Kichewa. Kinaya kinachohitaji mwangwi kinakuta kwamba jirani hajui sauti ya asili. Ukimwambia Mmalawi kwamba unaishi kwa Ibara ya 15, atakuuliza ni ibara ya sheria gani.

Si kwamba jirani hana kinaya. Katika kampeni za 2020 Lazarus Chakwera, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa mwanasiasa, aliwaahidi Wamalawi safari ya kwenda Kanani, na bei zilipopanda Kanani ikawa neno la kuchekea foleni za mafuta na sukari. Mbinu ni ileile ya “Maisha bora”. Wachewa nao wana utani wa mabinamu, watoto wa shangazi na wa mjomba, unaofanana na utani wa makabila ya Tanzania. Kwa hiyo pande mbili za ukuta mmoja wa chumba cha kupanga zina ufundi uleule na ghala tofauti za mwangwi.

Tatizo gumu zaidi ni la upande wa pili, yaani kusikia kinaya kisichokuwapo. Kichewa huonyesha heshima kwa wingi: mtu mmoja mzima husalimiwa kama wengi, na “abwana” ni neno la kawaida la kumwita mkubwa au mteja. Kwa Mkongomani aliyezoea kwamba “bosi” na “bwana mkubwa” hutumiwa zaidi kumcheka mtu asiye na kitu mfukoni, kuitwa “abwana” na mwenye nyumba siku ya kudaiwa kodi kunaweza kuchoma. “Zikomo” nalo ni shukrani, lakini pia ni neno la kuomba njia na kuomba radhi. Muuzaji aliyekataliwa bei na kisha kuambiwa “zikomo kwambiri” anaweza kuondoka akiamini amedhihakiwa, kumbe ameagwa kwa adabu.

Makosa haya madogo hayana uzito nyakati za amani. Mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia mwezi Mei polisi walifanya misako, wakawakamata watu wakiwamo watoto, na maduka mengi yakafungwa. Katika hali ya namna hiyo neno la jirani hupimwa kwa mizani nyingine. “Bado mpo?” likisemwa mlangoni linaweza kuwa salamu ya furaha, linaweza kuwa kijembe, linaweza kuwa onyo. Anayelisikia hana muda wa kuchambua. Hata kuzungumza Kiswahili kwa sauti barabarani ni kujitambulisha. Na hapa historia imeongeza kinaya chake cha hali: mwezi Agosti 2019, mjini Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya nne rasmi. Lugha iliyopewa kiti mkutanoni ndiyo hiyohiyo ambayo msemaji wake huenda akaona busara kuinong'ona Chilinde.

Kinaya mbele ya karatasi

Sasa tufike mahali ambapo jambo hili linaacha kuwa la wanaisimu peke yao. Mkimbizi huulizwa maswali mengi na ofisi nyingi: usaili wa kutambuliwa hadhi yake, usaili wa kupelekwa nchi ya tatu, hojaji za mashirika kuhusu chakula, maji, usalama na kuridhika. Majibu hupita kwa mkalimani, huandikwa kwa Kiingereza, na huwekwa kwenye jalada. Karatasi haina sauti. Haibebi mvuto wa vokali, jicho lililofumbwa, wala pumzi inayotoka puani kabla ya neno, yaani vile vitu ambavyo barazani hutangaza kwamba kauli hii ni ya kuazima.

Tuanze na mfano mwepesi. Mhoji anauliza kama familia inatosheka na mgao. Mzee anajibu: “Tunashiba, bwana, mpaka tunabakiza ya kesho.” Mkalimani kijana, mwenye kufuata kanuni kwamba asiongeze wala asipunguze, anaitafsiri sentensi kama ilivyo. Katika jedwali mzee anaingia kwenye safu ya walioridhika. Kanuni ya uaminifu imefuatwa na ukweli umepotea. Mtu anaweza kusema kwamba kosa ni la mzee, angejibu wazi. Lakini swali lenyewe lilikuwa na kitu cha kuchekesha kwake, kwani anayeuliza anajua kiasi cha mgao kuliko yeye. Kwa kumjibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba, mzee alikuwa anamwambia mhoji kwamba swali lako lina jibu tayari. Hilo ni jibu kamili, na ni kali, kwa yeyote mwenye masikio ya kulisikia.

Mfano mzito ni huu. Mwanamke kutoka Kivu Kusini anasimulia usiku ambao watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Anasema: “Wageni walifika. Walitusalimu vizuri.” Kwa Waswahili wa mashariki ya Kongo, kama kwa watu wengi waliopitia maovu, kulitaja jambo baya kwa jina lake zuri ni njia ya kulisogelea bila kuunguzwa nalo. Wageni si wageni, na kusalimu si kusalimu. Ni kinaya kisichokusudiwa kuchekesha mtu yeyote. Jalada linaandika kwamba wageni walifika na kusalimia. Miezi mingi baadaye, mbele ya mhoji mwingine na mkalimani mwingine, mwanamke huyohuyo anasema kwamba washambuliaji walivunja mlango. Sasa jalada lina kauli mbili.

Uthabiti wa maelezo ni miongoni mwa vipimo vinavyotumiwa na wahoji kuamua kama muomba hifadhi ni mkweli. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ya 2013 kuhusu tathmini ya ukweli wa masimulizi katika nchi za Ulaya iliorodhesha mambo yanayovuruga kipimo hicho, yakiwamo athari za kiwewe kwa kumbukumbu, utamaduni wa msimulizi na ukalimani. Kinaya kinapita katika mambo hayo yote. Mwanamke wetu hakusahau, hakudanganya, na wala mkalimani wa kwanza hakukosea neno hata moja. Kilichotokea ni kwamba mwangwi uliandikwa kama kauli ya asili. Na anayeweza kulipia tofauti hiyo ni yeye peke yake.

Kuna hatari ya kinyume, nayo haisemwi mara nyingi. Mkalimani anayekijua kinaya anaweza kuanza kukitafuta kila mahali. Mtu anasema “Nashukuru sana kwa msaada”, naye anamweleza mhoji kwamba ni kejeli. Labda ni kejeli. Labda ni shukrani ya mtu aliyelala kwa amani usiku wa kwanza baada ya wiki nyingi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka mkalimani apewe ruhusa ya kutafsiri “maana iliyokusudiwa” moja kwa moja. Kusudio ni mali ya msemaji, na njia pekee salama ya kulipata ni kumrudishia swali.

Namna watu wanavyojibu

Barazani watu wana njia za kulirudisha swali, na ofisi zina la kujifunza kutokana nazo. Anayepigwa kijembe anaweza kukipokea na kukiendeleza: akiambiwa yuko kwenye orodha anajibu, “Ndiyo, na wewe jina lako nimeliona, liko ukurasa wa nyuma.” Anaweza kunyamaza, na kimya mbele ya kadamnasi humwacha mpigaji akiwa peke yake na maneno yake. Njia ninayoiona kuwa ya busara kuliko zote, na ambayo wazee huimudu, ni kulichukua neno kwa maana yake ya juu kwa makusudi. Mzee akiambiwa na kijana, “Shikamoo bosi, umetuletea nini leo?” hujibu marahaba, akakaa, akamweleza kijana kwa utulivu mwingi habari za afya yake. Kinaya kinamfia kijana mkononi. Asiyejeruhiwa hana haja ya kujibu, na hadhira inaelewa kwamba mzee alielewa.

Pia kuna kuuliza wazi: “Unasema kweli au unanicheka?” Katika Kiswahili cha watu wa kambi swali hili halina ukali linaloweza kuwa nalo kwingine. Linamruhusu msemaji kurudi nyuma bila aibu, kwani anaweza kudai mzaha au kudai dhati, na vyote viwili vitapokelewa.

Watoto ndio wasio na njia hizi. Utafiti wa saikolojia, ukiwamo ule wa Ellen Winner uliochapishwa 1988, umeonyesha kwamba watoto huanza kuitofautisha kauli ya kinaya na uongo wakiwa na umri wa takriban miaka sita hadi minane, na kwamba ustadi huendelea kukua baada ya hapo. Mtoto wa Dzaleka husikia Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda nyumbani, Kichewa uwanjani na Kiingereza darasani. Mwalimu anayemwambia mtoto aliyechelewa, kwa Kichewa, “Umewahi sana leo”, anaweza kupewa tabasamu la shukrani, na tabasamu hilo likaonekana kuwa ni ujeuri. Mtoto anaadhibiwa kwa kuamini aliloambiwa. Kwa madarasa yenye lugha nyingi ushauri wangu ni mfupi: mwalimu asikemee kwa kinaya katika lugha ambayo si ya kwanza ya mtoto.

Hatua zinazowezekana ofisini

Hatua zinazopendekezwa hazihitaji fedha nyingi. Ya msingi ni kumpa mkalimani haki ya kusimamisha mazungumzo na kusema, “Kauli hii inaweza kuwa na maana mbili, naomba aulizwe,” na kulifanya swali hilo liandikwe katika jalada pamoja na jibu lake. Hapo mkalimani haamui kusudio na wala halifichi. Swali lenyewe liwe lile la barazani, kwa Kiswahili chepesi, bila kumtuhumu mtu kwamba anacheza: “Hao wageni walikuwa watu gani?” Maneno machache kama hayo, yakiulizwa siku ya kwanza, yangezuia kauli mbili za mwanamke wa Kivu zisionekane kupingana.

Pili, kauli muhimu za usaili ziandikwe kwa maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa, kando ya tafsiri ya Kiingereza. Neno “wageni” likibaki katika jalada, msomaji wa pili anayejua lugha ana nafasi ya kulisikia. Likibaki katika tafsiri tu, limekwisha. Kwa hojaji, swali la kuridhika lisisimame peke yake. Lifuatwe na swali la tendo: jana mlikula mara ngapi, maji mlichota wapi, mlingoja muda gani. Mtu anaweza kuazima sauti ya aliyeshiba anapoulizwa kama ameshiba, lakini akiulizwa jana alipika nini, huwa anataja alichopika.

Mafunzo ya wakalimani yanaweza kufanyika kwa mifano iliyorekodiwa kutoka redio, kaulimbiu za siasa na methali za khanga, ambavyo havimhatarishi mtu yeyote, kabla ya kufika kwenye masimulizi ya vita. Zoezi la kuanzia ni dogo. Wanafunzi wapewe sentensi moja, “Tunashukuru kwa orodha”, waitamke kwa dhati, kwa utani na kwa kijembe, kisha waiandike mara zote tatu kwa Kiingereza na kulinganisha karatasi zao.